Kufufua Blogu Iliyokwama: Mwongozo Kamili kwa Waandishi wa Nyanda za Juu Kusini

Waandishi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaolalamika kwamba blogu zao zimesimama huwa wamejaribu dawa ileile. Waliongeza idadi ya makala, wakasambaza viungo katika kila kundi la WhatsApp walimo, na baada ya miezi michache wasomaji wakabaki palepale. Hawakushindwa kwa uvivu. Blogu iliyokwama kwa kawaida tayari ina makala ambazo Google inazionyesha kwa watu, ila zimekaa ukurasa wa pili wa matokeo, au zina kichwa kisichomwambia mtafutaji kwamba jibu lake limo ndani. Kila makala mpya inayoongezwa juu ya hizo hurithi kasoro zilezile.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja ambalo wengi hulipinga mwanzoni: usichapishe makala mpya yoyote mpaka umalize hatua ya saba. Kazi ya kufufua hufanyika kwanza katika yale uliyokwisha kuyaandika.

## Mahitaji

- Akaunti ya Google inayomiliki blogu, pamoja na nywila yake. Kama blogu ilifunguliwa na kijana wa stationery kwa barua pepe yake mwenyewe, anza kwa kuhamisha umiliki, kwa sababu utakuwa unajenga juu ya kiwanja kisicho chako.
- Google Search Console, huduma ya bure ya Google inayokuonyesha jinsi kurasa zako zinavyotokea kwenye matokeo ya utafutaji.
- Jedwali la Google Sheets au Excel. Daftari la mistari linatosha ikiwa makala zako hazizidi hamsini.
- Kompyuta kwa siku mbili tatu za mwanzo. Ukiitumia ya kukodi, hakikisha umetoka kwenye akaunti zako zote kabla ya kuondoka.
- Simu ya Android ya bei nafuu yenye bando la kawaida, kwa ajili ya majaribio.
- Nakala rudufu ya blogu nzima. Blogger na WordPress zote zina sehemu ya kupakua maudhui katika mipangilio yake. Kwenye WordPress faili hilo hubeba maandishi bila picha zenyewe, hivyo picha zihifadhi kando.
- Miezi mitatu ya uvumilivu.

Jambo la kisheria lisisahaulike. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2022, zinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ofisi ya kanda yetu ipo jijini Mbeya. Ulizia hapo kama aina ya maudhui yako inahitaji leseni na ada yake ni kiasi gani, kabla hujaanza kuitangaza blogu upya.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Unganisha blogu na Search Console, kisha wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako inayosomwa na Google. Kwa Blogger, ongeza /sitemap.xml mwishoni mwa anwani ya blogu. Kwa WordPress ya kuanzia toleo la 5.5, ongeza /wp-sitemap.xml. Ikiwa ndiyo mara yako ya kwanza, takwimu hazitajaa siku hiyohiyo, na ni heri kusubiri wiki chache kuliko kuamua kwa kubahatisha.

Fungua ripoti ya utendaji na uwashe namba zote nne: mara ambazo kurasa zako zimeonyeshwa, mara ambazo zimebofywa, asilimia ya mibofyo, na nafasi ya wastani katika matokeo. Ripoti huonyesha miezi mitatu kwanza, lakini unaweza kuirefusha hadi miezi 16. Irefushe, kisha linganisha miezi mitatu ya karibuni na miezi hiyohiyo ya mwaka uliopita.

Ulinganisho huo ni wa lazima kwetu. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili au Mei, na utafutaji wa mambo ya kilimo hupanda na kushuka nao. Mwandishi wa kilimo anayelinganisha Julai na Desemba ataona anguko na kuanza kutibu ugonjwa ambao haupo.

Sasa soma namba hizo kwa pamoja:

Ukurasa ukionyeshwa mara nyingi na nafasi yake ikiwa kati ya 8 na 20, unahitaji maudhui bora kidogo tu. Huu ndio mtaji wako.

Ukiwa katika nafasi ya 1 hadi 5 na bado haubofywi, tazama kichwa chake. Tafuta pia swali hilo mwenyewe uone kama Google inatoa jibu fupi juu kabisa ya orodha, kwa maana hapo msomaji hupata alichotaka bila kufungua ukurasa wa mtu.

Ukiwa hauonyeshwi kabisa, ama hakuna anayetafuta jambo hilo, ama Google haijauingiza katika orodha yake. Chombo cha kukagua anwani, kilichomo ndani ya Search Console, kitakueleza.

Kama kila kitu kilianguka siku moja, acha maudhui kwanza. Kagua kama kikoa (jina la anwani ya blogu ulilolilipia) kimeisha muda, kama mipangilio ya blogu inaizuia Google kuisoma, na kama sehemu ya usalama au ya adhabu katika Search Console ina ujumbe wako.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja ni kurasa zipi zimeshuka, tangu lini, na kwa maswali gani.

## Hatua ya 2: Gawa makala zako katika mafungu manne

Pakua orodha ya kurasa na namba zake katika jedwali. Mbele ya kila ukurasa andika neno moja: *boresha*, *unganisha*, *acha* au *ondoa*.

*Boresha* ni kurasa za nafasi ya 8 hadi 20 zinazoonyeshwa mara nyingi. Chagua kumi pekee. *Unganisha* ni makala mbili au tatu zinazojibu swali moja. *Acha* ni zile zinazofanya vizuri, na makosa makubwa ya wanaoanza hufanyika hapa, kwa kuzigusa bila sababu. *Ondoa* ni matangazo ya matukio yaliyopita, salamu za sikukuu, na habari ulizonakili kwingine.

Usiondoe ukurasa kwa sababu tu una wasomaji wachache. Makala ya historia ya Kalenga au zana za mawe za Isimila inaweza kusomwa na watu wachache kila mwezi kwa miaka mingi, na wakawa ndio wasomaji wako waaminifu kuliko wote.

## Hatua ya 3: Fufua makala kumi za kwanza

Kazi yote ya mwongozo huu imelalia hapa, kwa hiyo ipe muda. Makala moja kwa siku ni mwendo mzuri. Tatu kwa siku ni haraka mno.

Anza na maneno ya mtafutaji. Bofya ukurasa mmoja ndani ya Search Console kisha fungua orodha ya maswali yaliyouleta. Utaona watu wanaandika tofauti na ulivyoandika wewe. Mwandishi wa Ilula anaweza kuwa na makala nzuri yenye kichwa kinachomtaja *Tuta absoluta*, wakati mkulima wa nyanya anatafuta dawa ya kantangaze, kwa kuwa ndilo jina analolijua la nondo huyo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda. Weka jina la mkulima katika kichwa na katika aya ya kwanza, kisha jina la kitaalamu lifuate ndani kwa ajili ya bwana shamba na mwanafunzi.

Jibu katika aya ya kwanza. Makala nyingi za kwetu huanza na utangulizi mrefu kuhusu umuhimu wa jambo. Aliyeandika swali kwenye simu akiwa stendi ya Makambako anajua tayari kwamba jambo lake ni muhimu. Chukua makala kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Ikianza kwa kueleza kwamba hifadhi ilitangazwa mwaka 2005 na kwamba wenyeji huiita Bustani ya Mungu, haijamsaidia anayeuliza aende lini. Ianze kwa kumwambia kwamba maua huchanua kwa wingi kati ya Desemba na Aprili, kwamba miezi hiyo ni ya mvua na barabara hupitika kwa shida, na kwamba abebe nguo nzito kwa sababu uwanda huo upo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600. Historia itapata nafasi yake chini.

Ongeza kile ambacho hakipatikani kwingine. Kurasa zinazokutangulia mara nyingi zimeandikwa na watu wasiowahi kufika. Wewe unaweza kutoka kwenda sokoni Mwanjelwa ukauliza bei asubuhi, ukapiga picha ya jani lenye ugonjwa katika bustani ya jirani, ukamwuliza afisa ugani wa kata ni mbegu gani inayopandwa mwaka huu, au ukaeleza gari la Tukuyu kwenda Matema linapatikana wapi. Maelezo ya aina hiyo hayawezi kunakiliwa na mtu aliyekaa mbali, na ndiyo yanayomfanya msomaji arudi. Ukiandika bei, andika na tarehe uliyoiuliza.

Andika kichwa upya. Kiwe na jambo, mahali na kile msomaji atakachopata, kwa herufi zisizozidi sitini hivi, kwa sababu kinachozidi hapo hukatwa kwenye matokeo. "Kilimo cha Parachichi" ni kichwa kinachogombana na nchi nzima. "Parachichi za Hass Rungwe: Kuandaa Shamba Hadi Kuvuna" kinagombana na wachache, na anayekibofya ndiye hasa uliyemwandikia.

Hariri maelezo mafupi yanayoonekana chini ya kichwa, kwa sentensi mbili zinazokamilisha wazo. Maelezo hayo pamoja na picha ya mbele ndiyo yanayotokea pia mtu anaposambaza kiungo WhatsApp, na kiungo kisicho na picha hupitwa bila kufunguliwa.

Onyo. Usibadilishe anwani ya ukurasa. Anwani ile ndiyo Google inayoijua na ndiyo iliyobandikwa katika kurasa za wengine. Ukiibadilisha bila kuielekeza ya zamani kwenye mpya unaanza upya. Vilevile usibadilishe tarehe ya makala kama hukubadilisha maudhui, kwa kuwa msomaji anayekuta tarehe ya juzi juu ya bei za mwaka juzi hatakuamini tena.

Ukimaliza, weka anwani hiyo katika chombo cha kukagua na uombe isomwe upya. Mara moja inatosha.

Umefaulu ikiwa mtu asiyejua chochote kuhusu makala hiyo anasoma kichwa na aya ya kwanza tu, kisha anaweza kukueleza jibu. Mpe ndugu au jirani simu na umsikilize bila kumsaidia.

## Hatua ya 4: Unganisha makala zinazogombana

Blogu ya miaka kadhaa huwa na makala tatu kuhusu viazi mviringo, kila moja ikiwa na theluthi ya jibu. Google hulazimika kuchagua, na huchagua leo hii, kesho ile.

Chagua yenye mibofyo mingi, hamishia humo mambo yote mazuri ya nyingine, kisha elekeza anwani za zile nyingine kwenye hiyo kwa njia ya kudumu, ambayo mafundi huiita 301. Blogger ina sehemu ya kuelekeza anwani katika mipangilio yake. Kwenye WordPress tumia programu-jalizi ya Redirection. Jaribu kila anwani ya zamani kwa simu. Ikikuleta kwenye makala mpya, kazi imekwisha.

## Hatua ya 5: Punguza uzito wa kurasa

Msomaji wa Ludewa au Makete anasoma kwa bando analolipia mwenyewe, tena mtandao ukiwa wa kusuasua. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na megabaiti tatu hadi tano.

Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 na uzito wa chini ya kilobaiti 150. Squoosh hufanya hivyo bure ndani ya kivinjari, na muundo wa WebP hupunguza zaidi. Kisha pima ukurasa kwa PageSpeed Insights: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kinatakiwa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Ondoa saa, kalenda, vihesabio vya wageni na muziki wa kujicheza. Halafu fungua ukurasa kwa ile simu ya bei nafuu ukiwa nje ya mji, kwa sababu kipimo cha ofisini chenye Wi-Fi hakikuambii anachokipata msomaji.

## Hatua ya 6: Fungamanisha kurasa

Kutoka kila makala kati ya zile kumi, weka viungo viwili au vitatu kwenda makala nyingine zinazofuata kimantiki: anayesoma kuhusu mbegu atataka palizi, kisha soko. Maneno ya kiungo yaeleze kilichopo mbele. "Bonyeza hapa" hakisemi lolote.

Viungo vya kutoka kwa wengine viombe kwa wanaofaidika na ulichoandika, kama vile chama cha ushirika, nyumba ya wageni au chuo. Usivinunue. Google inahesabu biashara hiyo kuwa udanganyifu, na adhabu yake inaweza kuangukia blogu nzima.

## Hatua ya 7: Jenga wasomaji ambao ni wako

Google inaweza kubadilisha utaratibu wake wakati wowote bila kukuuliza. Kinga pekee ninayoiamini ni orodha ya watu waliokuomba wenyewe uwaandikie.

WhatsApp ndiyo mlango wa kwanza kwa hadhira yetu, lakini njia zake hazilingani. Kundi huchukua watu hadi 1,024, na kila mmoja anaona namba za wenzake, jambo ambalo wengi hawalipendi. Orodha ya kutangaza huchukua watu 256, tena ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Chaneli, zilizoanza mwaka 2023, huficha namba za wafuasi, kwa hiyo nazipendekeza kwa mwandishi. Upungufu wake ni kwamba huwezi kuipakua orodha ya wafuasi ukaondoka nayo.

Barua pepe ndiyo mlango wa pili. Wako watakaosema kwamba watu wetu hawasomi barua pepe. Ni kweli kwa wengi, lakini walimu, watafiti, wafanyakazi wa mashirika na Watanzania waishio nje husoma, na hao mara nyingi ndio wanaonunua vitabu na kumwalika mwandishi kuzungumza. Orodha ya barua pepe unaweza kuihamisha kutoka huduma moja hadi nyingine, na hiyo ndiyo thamani yake.

Weka mwaliko mwishoni mwa kila moja ya makala kumi ulizofufua, na uulenge kwenye mada ya ukurasa. "Jiunge nasi" haumvuti mtu. "Pokea bei za viazi za Uyole na Makambako kila Jumatatu" ni ahadi anayoweza kuipima, nawe itimize Jumatatu hiyo, kwa sababu ahadi iliyovunjwa mara mbili huwaondoa watu kimyakimya.

Tumia pia mikusanyiko ya ana kwa ana. Maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya hukusanya wakulima, wauza pembejeo na wanafunzi kwa siku kadhaa. Karatasi moja yenye msimbo wa QR wa chaneli yako, ikibandikwa kwa ruhusa katika mabanda machache ya wauza mbegu, inaweza kukuletea wasomaji waliolengwa kuliko mwezi mzima wa kusambaza viungo.

Onyo. Usimwingize mtu kwenye kundi wala orodha bila ridhaa yake, na usikusanye namba zaidi ya zile unazozihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu kumbukumbu kama hizo. Mweleze mtu utamtumia nini na namna ya kujitoa.

Umefaulu ikiwa wanaojiunga wanatoka kwenye makala zenyewe, na baadhi yao wanajibu ujumbe wako. Majibu hayo yahifadhi, maana utayahitaji sasa hivi.

## Hatua ya 8: Rudi kwenye makala mpya, kwa kalenda ya mahali ulipo

Maswali ya wasomaji wa WhatsApp, pamoja na yale ya Search Console ambayo huna ukurasa unaoyajibu, ndiyo orodha yako ya makala zijazo. Makala mbili nzuri kwa mwezi zinatosha.

Zipange zitangulie msimu. Google huhitaji wiki kadhaa kuupa ukurasa mpya nafasi yake, hivyo makala ya kupanda mahindi ichapishwe Septemba, isisubiri mvua za Novemba. Ya ukungu wa viazi itangulie mvua kubwa, kwa kuwa ugonjwa huo hushamiri kwenye ubaridi na unyevu. Ya maua ya Kitulo iwe tayari Oktoba. Anayeandika mambo ya shule akumbuke kwamba mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na wanafunzi huanza kutafuta mapema zaidi ya hapo.

## Hatua ya 9: Pima tena, kisha uamue

Kwa kila makala uliyoifufua, andika katika jedwali tarehe uliyoibadilisha na namba zake za siku hiyo. Angalia baada ya wiki nne, wiki nane na wiki kumi na mbili. Kuangalia kila siku kunachosha na kunakusukuma kubadilisha mambo kabla hayajapata nafasi ya kufanya kazi.

Dalili ya kwanza ya uhai huwa ni nafasi ya wastani kusogea, kwa mfano kutoka 14 hadi 9, wakati mibofyo bado ni ileile. Mibofyo hufuata ukurasa unapoingia kwenye matokeo ya kwanza. Nafasi ikipanda na mibofyo ikigoma, rudi kwenye kichwa. Nafasi isipopanda kabisa baada ya wiki kumi na mbili, fungua kurasa tatu zinazokutangulia, uandike ni maswali gani zimejibu ambayo yako haijajibu, na uongeze hayo tu. Ukurasa ukikataa na mara ya pili, uhamishie fungu la *acha* na uchukue mwingine kutoka kwenye orodha ya *boresha*, ukianza na ule unaoonyeshwa mara nyingi zaidi.